Mshahara wa Miguu Minne

Mimi sipendi kelele. Watu wa Garissa wakinisikia nikisema hivyo hucheka, kwa sababu mdomo wangu wanaujua, lakini ni kweli. Kelele ni watu watatu kusema pamoja na hakuna anayesikia. Mtu mmoja akisema kwa nguvu, hata akifoka, hiyo si kelele, hayo ni mazungumzo. Ndiyo maana mwaka ule wa tisini na sita mimi, Ramlo muuza maziwa ya ngamia, ndiye niliyeshika maiki ya taar. Ndiyo maana walitaka kunilipa, na wallahi malipo yao nusura yanitoe roho.

Taar ni ile redio ya kuongea pande mbili, yenye waya mrefu juu ya paa na betri ya lori chini ya meza. Simu wakati ule ilikuwa ya mjini, na foleni yake ilikuzeesha. Kama shangazi yako yuko Sangailu na wewe uko Garissa, ulimfikia kwa taar au ulimfikia kwa dua. Ya kwetu ilikaa stoo, nyuma ya duka la Hared, mfanyabiashara wa sukari na mashuka. Hared aliinunua ili aulize bei ya ng'ombe. Masikini, alidhani ataongea peke yake! Haukupita muda mji mzima ulikuwa umejaa mlangoni kwake, kila mtu ana jamaa yake mahali.

Nilivyoanza ilikuwa hivi. Asubuhi moja nilimpelekea Hared maziwa yake nikakuta wafanyabiashara wawili wanagombana hewani juu ya ngamia, na chini ya sauti zao mwanamke wa Sangailu anajaribu kusema. Kila akianza wanamfunika. Nikaweka mtungi chini, nikampokonya Hared maiki. "Nyinyi wawili, nyamazeni! Mtaongea ngamia mkishiba. Sangailu, sema mama." Kukawa kimya. Yule mama akasema kakake amefariki, anataka jamaa za Garissa wajue kabla hajazikwa. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyegusa maiki, na nikichelewa Hared mwenyewe alikuja kunitafuta sokoni.

Nikaweka sheria. Msiba kwanza. Wagonjwa na waliojifungua wafuate. Halafu wanyama waliopotea. Biashara mwisho, hata iwe biashara ya mwenye redio. Ukitukana ukoo wa mtu, hutasikika tena hadi Ijumaa. Na sheria nyingine nilijiwekea mwenyewe: anayegawa zamu haingii kwenye ubishi. Nikibishana mimi, nani atanikata? Niliringa nayo sana sheria hiyo. Ikaja kunitafuna.

Watu walifuata, isipokuwa Abdow wa Bura. Abdow alikuwa na duka, na redio yake mwenyewe, na hakuna kazi aliyoipenda kama kubonyeza kitufe na kupiga mluzi katikati ya habari za watu. Nilimfungia hadi Ijumaa mara nyingi hata Ijumaa ikawa sikukuu yake. "Eddo Ramlo," aliniita hivyo, shangazi, kwa sauti ya mtoto mwema, "nimerudi, umenikumbuka?"

Na alikuwepo eddo Saynab wa Eldas. Mwanawe Abdiwali alikuwa ameenda na ngamia za watu kule juu, upande wa Mandera na mbele yake, na tangu kiangazi kianze hakusikika tena. Kila asubuhi Saynab alikuja kwenye redio ya Eldas, aliyoishika mzee Awil, akauliza neno lile lile: "Kuna aliyemwona Abdiwali wangu?" Hewa yote ilinyamaza. Hata Abdow hakupiga mluzi. Kila asubuhi hakukuwa na jibu, na yeye alisema tu, "Haya, kesho inshallah."

Nitasema ukweli: niliipenda ile maiki. Mimi ni mjane, nyumba yangu ilikuwa kimya, na kila asubuhi watu kutoka Bura hadi Mandera walikuwa wananiita, "Ramlo, Ramlo, tupe zamu." Nani asingependa?

Shida ilikuwa maziwa. Lori la maziwa liliingia Garissa saa ile ile ya taar. Zamani wifi yangu Timiro alinishikia nafasi sokoni, lakini akajifungua mapacha, mashallah, na mtu mwenye mapacha humwambii akae juani na mitungi. Nikajaribu kukimbia huku na huku. Nikirudi sokoni nakuta maziwa yamechacha na wateja wangu wamehamia kwa jirani, wanajifanya hawanioni. Maziwa ndiyo ugali wangu. Nikaona wazi, ama niache maiki ama nilale njaa, na moyo ukaniuma mno. Nikamwambia Hared atafute mtu mwingine.

Hared akacheka. "Kugawa zamu? Hata mimi naweza." Akashika maiki asubuhi moja. Kabla jua halijapanda vizuri, Bura na Sangailu walikuwa hawasalimiani, na msiba wa watu ulisomwa baada ya bei ya ngozi. Akaja sokoni jasho linamtoka, amevaa kofia upande.

"Abaayo Ramlo," akasema, "dada yangu, rudi. Tutakulipa."

"Nani atalipa?"

"Wote. Kesho tunaliweka hewani, tuliamue."

Nilifurahi, sikatai. Nilichosahau ni kwamba jambo likiwekwa hewani lazima mtu agawe zamu, na mtu mwenyewe ni mimi.

Basi kesho yake nikakaa pale na maiki mkononi nikigawa zamu za kunijadili. Subhanallah! Unajua kusikia watu wa nchi nzima wanakupima, na wewe unasema tu "Endelea Sangailu, roja, ova"? Wa kwanza alikuwa Sheikh Issack, mwalimu wa madrasa ya Sangailu. Akasema kazi ya Ramlo ni kheri, na kheri hailipwi, kwani ukimlipa unamnyang'anya thawabu zake. Nilitaka sana kumuuliza wale kondoo anaopewa na wazazi mtoto akihitimu juzuu wanamnyang'anya thawabu kiasi gani. Lakini sheria ni sheria. Niliuma ncha ya ushungi wangu, nikampa muda wake wote, hata nikamuuliza kama amemaliza.

Mandera wakauliza, tukimlipa Ramlo, na yule anayeshika redio Mandera je? Yeye kooni ana chuma? Ilikuwa hoja nzuri, nayo ilinichukiza.

Abdow akafika. "Mimi nataka alipwe," akasema. "Nataka kabisa. Sasa hivi ananifunga mdomo hadi Ijumaa na siwezi kumfuta kazi, kwa sababu hana kazi! Alipwe, ili nami niwe na mahali pa kushtaki." Watu wakacheka hadi redio ikakwaruza. Hata mimi nilicheka, lakini nilikuwa nimeachilia kitufe, kwa hiyo hawakusikia.

Halafu eddo Saynab akaomba nafasi. Akasema Ramlo ndiye aliyemfanya yeye, mwanamke wa Eldas asiye na duka wala ndugu mkubwa, asikike kila siku hadi Mandera. Akaniombea afya, akawaombea wazazi wangu, akaombea mitungi yangu. Muda wake ukaisha yuko kwenye mitungi. Fikiria: mtu pekee anayenisifu, na mimi ndiye wa kumkata! Nikamkata.

Mwishowe wakakubaliana nilipwe. Kwa kitu gani? Nyinyi mnatujua sisi. Mtu wetu akifa tunaleta mnyama, akioa tunaleta mnyama, tukimkosea tunaleta mnyama. Kila kituo kinachoweza kitatoa mbuzi mmoja wa maziwa, akae Garissa kwa jina la Ramlo. Wote wakasema maneno mazuri: mwenye mbuzi wa maziwa hakosi kitu, mama wa watu ametoka kwenye shida.

Mimi niko pale nataka kupiga mayowe. Maziwa ninayo mpaka yanachacha! Mnyama ni wa kulishwa, na mimi nilichokosa ni nafasi ya kupumua! Lakini ningesema hivyo ningekuwa nimeingia kwenye ubishi. Nikabonyeza kitufe. "Imepita," nikasema. "Roja, ova." Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kuwa mwadilifu na mjinga kwa pumzi moja.

Mbuzi wakaja juu ya malori. Nikawafunga nyuma ya stoo, chini ya dirisha la taar, kwa sababu kwangu hakuna ua. Wakala makaratasi ya mashuka ya Hared, halafu wakaanza na mashuka. Sasa naamka alfajiri kukamua, natafuta majani, nakimbilia lori la maziwa, nakimbilia maiki, narudi kwa mbuzi. Mshahara gani huu wenye njaa kuliko mimi?

Asubuhi ya kwanza, nilipobonyeza tu kitufe, mmoja akalia dirishani. Meeee!

"Ngoja!" Abdow akaruka hewani bila zamu. "Huyo ni Adey wangu! Yule mweupe! Analia hivyo akiwa hajakamuliwa. Ramlo, umemkamua?"

"Nimemkamua. Abdow, toka, kuna msiba unangoja."

"Upande wa kushoto umemaliza? Yeye wa kushoto hutoa polepole."

Kabla sijamjibu, Sangailu wakaingia. "Na wetu? Wetu mbona hasikiki? Amekufa?"

"Hajafa, anakula shuka."

"Tumsikie. Msogeze kwenye maiki."

Mnadhani nilifanya nini? Nilimsogeza. Nilimshika shingo dirishani nikamwekea maiki mdomoni, na yule mshenzi, aliyekuwa akilia tangu alfajiri, akanyamaza kimya. Sangailu wakasema sauti yake imebadilika, Garissa haimfai. Sheikh Issack akataka kujua kama anapewa chumvi. Watu wenye msiba waliongea jua limeshapanda.

Ikawa hivyo siku zote. Na zaidi ya hivyo, yakaanza maneno mapya: "Sisi tuliotoa mbuzi." Sisi tuliotoa mbuzi tunaomba zamu ya mbele. Sisi tuliotoa mbuzi tumengoja sana. Abdow akaniambia wazi, "Mbuzi wangu analala kwako, na mimi bado ni wa mwisho?" Nilimwambia mbuzi wake halali, analia usiku kucha, kama yeye mwenyewe. Sikumpa zamu. Lakini kubishana nao kulinichosha, na katika kuchoka huko kuna kitu sikukisikia.

Eldas walikuwa wamenyamaza. Mvua haikuwafikia mwaka ule, wanyama wao waliisha, nao hawakutuma mbuzi. Hakuna aliyewadai. Nikiita Eldas, mzee Awil alijibu tu, "Eldas hatuna neno leo," akaondoka. Na mimi, mwenye masikio yangu haya niliyoyasifia, nilikuwa nafikiria majani ya mbuzi.

Mpaka asubuhi moja Mandera wakaita. "Garissa, Garissa. Hapa kuna kijana ameingia na ngamia jana. Anaitwa Abdiwali. Anamtafuta mamake Saynab, wa Eldas."

Nywele zilinisimama. Nikaita Eldas kwa sauti ambayo hata bila redio wangesikia. Awil akajibu. Nikamwambia, "Mzee wangu, mkimbilie Saynab, mwanawe yuko Mandera, yuko hewani sasa hivi!"

"Hakuna haja ya kumkimbilia," Awil akasema. "Yuko hapa nje ya mlango. Kila siku anakuja, anakaa pale nje anasikiliza. Amesikia. Analia."

"Sasa mbona haingii?"

"Anasema waliotoa mbuzi ndio wanaopewa zamu. Yeye hana mbuzi hapo kwako."

Niliona aibu iliyonipanda hadi masikioni. Stoo ilikuwa imejaa watu, na hakuna aliyemwangalia mwenzake. Machozi yakanitoka na sikuyafuta, mikono yote ilikuwa kwenye maiki.

"Awil," nikasema, "mwambie eddo Saynab aingie. Mwambie Ramlo ndiye anayemwita. Na nyinyi wengine wote, mtu akigusa kitufe chake sasa hivi, simfungii hadi Ijumaa. Namfungia hadi nife."

Tukasikia kiti kikivutwa kule Eldas. Tukasikia mtu anapumua.

"Abdiwali?" akasema.

"Hooyo," akajibu. Mama. Halafu wakanyamaza wote wawili, wajinga wale, baada ya miezi yote hiyo! Nami sikuwakata. Mwishowe mama akamuuliza, umekonda? Akasema hapana, hooyo, nimenenepa. Akamwambia waongo wote husema hivyo. Akaanza kucheka na kulia pamoja, na Hared, tajiri mzima, alikuwa amejifunika uso na shuka la kuuza.

Ndipo nikabonyeza kitufe niwaambie wasiharakishe, na dirishani, katika kimya kile kitukufu, Adey akapaza sauti. Meeeee!

Halafu sauti ya eddo Saynab ikaja. "Mbuzi wa nani huyo anateseka? Ramlo, hooyo," aliniita kama mama anavyomwita mwanawe, "nenda ukamkamue. Mimi na mwanangu tutangoja."

"Ni wangu, eddo," Abdow akasema kwa sauti ndogo kutoka Bura. "Nisamehe." Ndiyo mara ya pekee niliyomsamehe mtu kwa kuingia bila zamu.

Walipomaliza kuongea, sikuita kituo kingine. Nilimpa Hared maiki. "Shika. Wewe gawa zamu, halafu nipe mimi ya kwanza. Leo nabishana."

Hared akaipokea. "Garissa, Ramlo, endelea," akasema.

"Sikilizeni," nikasema. "Njooni mchukue mbuzi wenu. Mlikuwa na nia njema, Mungu awalipe, lakini mmenipa kitu kinachohitaji mtu, na mimi nilikosa mtu! Nataka mtu wa kukaa kwenye mitungi yangu wakati mimi nimekaa kwenye maneno yenu. Saa yake kwa saa yangu. Anayependa maiki hii iwe na mwenyewe, aje auze maziwa. Na kwa kuwa wanaoongea sana ni wafanyabiashara wa Garissa, wao ndio watakaokaa. Wa Eldas na Sangailu hawadaiwi kitu. Nimemaliza."

Mnaelewa nilichosema? Safu ile ya maziwa sokoni ni ya wanawake. Mwanamume akipita pale hupita haraka, asije akaambiwa ashike mtungi.

"Mimi?" Hared akasema. "Kwenye maziwa?"

"Zamu ya kwanza ni yako, kwa sababu redio ni yako."

"Watu watanionaje?"

"Watakuona vizuri. Pale kuna jua."

Kutoka Bura ukaja mluzi mrefu wa furaha. Nilimwacha apige hadi mwisho.

Mbuzi waliporudishwa kwao kwa malori, Hared akaenda sokoni. Mimi nilibaki na maiki yangu, msiba kwanza, wagonjwa wafuate, na asubuhi hiyo ilikwenda vizuri sana. Dirishani palikuwa patupu. Eddo Saynab alikuja hewani, wa mbele kabisa, kusema tu kwamba leo hana swali.

Nilikuwa nampa zamu Sangailu pale mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Hared. Kikoi kimelowa maziwa hadi magotini, kofia haipo, sauti imemkauka.

"Wanaongea wote pamoja!" akasema. "Hakuna anayengoja! Huyu anavuta mtungi, yule anaonja kwa kidole, kila mmoja ananiambia yeye ni jamaa yangu anataka nyongeza! Mzee mmoja amepita mbele ya mama mwenye mtoto mgonjwa, nimemwambia rudi nyuma, amenitukana ukoo! Na wale wanawake wananicheka tu. Wallahi Ramlo, kazi kama ile mtu hawezi kuifanya bure. Lazima alipwe!"

Nikaachilia kitufe nimwangalie vizuri. Nilijizuia nisicheke, nikashindwa.

"Ni hoja nzuri," nikamwambia. "Iweke hewani, nitakupa zamu. Lakini hayo ni mambo ya biashara, na biashara ni mwisho."

Hared akaketi juu ya gunia la sukari, akangoja.